Kosa Lisilopenda Joto

Saa kumi alfajiri, Kuhmo, nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri,
natoka na betri nimeipakata kama mtoto wa jirani.
Imelala ndani, kando ya jiko,
pazuri kuliko nilipolala mimi.

Datsun ya mwaka sabini na nne, rangi ya haradali,
theluji imeivika kilemba.
Nakaza vichwa vya betri kwa vidole visivyo vyangu tena.
Navuta choki hadi mwisho.
Nakanyaga mafuta mara mbili, si tatu;
ya tatu huilewesha, nayo ikilewa
utanusa petroli hadi adhuhuri.

Nge-nge-nge, stata.
Inashika. Inakohoa mara tatu. Inazima,
kama mtu aliyeitwa, akaitika, akageukia ukutani.

Kwenye tanuri la mikate wananingoja.
Unga haumngoji mtu; ukishaumuka umeumuka.

Nimempelekea Pentti, fundi wa mjini, mara nne.
Gereji yake ina joto, ina redio, ina kalenda ya matairi.
Amefungua kabureta, amepuliza njia zake moja moja,
amepima boya, amebadili plagi
(zilitoka kavu, kavu kama ulimi wa mfungaji saa ya alasiri),
akawasha: papo hapo, mlio laini kama siagi.
"Irja," akafuta mikono, "gari halina kosa."
Mara ya nne hakusema gari.
Aliniangalia tu.
Nikalipa.

Neno hilo nimelisikia mahali pengine penye joto:
zahanati, kiti cha plastiki, bega langu
linaloniuma usiku
na kunyamaza daktari akiingia.

Jana jioni nikamgongea Oiva,
aliyeendesha malori ya magogo miaka thelathini na moja,
sikio lake la kushoto likabaki huko msituni.
Hakuuliza mengi.
"Usilipashe moto. Liache lilale nje.
Nitakuja likiwa baridi kweli."

Amekuja, tochi mdomoni,
na kipande cha mpira wa kumwagilia bustani.
Ncha moja ameitia sikioni, lile zima,
nyingine anaipitisha juu ya injini
polepole, kama mkunga juu ya tumbo.
"Washa."
Nge-nge. Inashika. Inakohoa.
"Tena."
Pumzi yake inaganda kwenye nyusi.
"Tena."
Mkono ukasimama.

Akaniita kwa kidole, akarudi yeye kwenye ufunguo. Nikasikiliza:
sssss,
mnong'ono mwembamba, hewa ikiingia kwa mlango wa nyuma,
huko nyuma ya menifoldi, upande usioonekana,
kwenye mpira wa upepo usiozidi kidole changu.
Akaupinda. Ukafunguka mdomo.
Ufa kama wa kisigino.

Kwenye joto, alisema, mpira hulainika, ufa hujifumba,
nawe utaapa kuwa ni mzima.
Baridi ikikaza unaachama, unakunywa hewa,
mafuta yanakuwa mepesi kama uji wa mwisho wa mwezi.
Pentti hakudanganya, akaongeza.
Alitazama saa isiyo yake.

Tumeufunga kwa utepe mweusi wa umeme, mizunguko sita,
Oiva akiukata kwa meno.
Choki. Mara mbili. Ufunguo.

Ikashika. Ikakohoa mara moja, kwa adabu,
ikaendelea.

Nilitaka kusema asante.
Bega lilikuwa linauma, palepale, saa ileile,
nikajikuta nimeweka kidole mahali penyewe.
"Hapa," nikasema.

Oiva akautazama mpira wa bustani mkononi,
akanitazama,
akaitia ncha sikioni.

Injini inanguruma. Unga sasa utakuwa umefurika meza.
Nimesimama, nimefungua koti,
nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri.