Mara Moja Tu, au Daima

Punda wa Bwanaheri, yule mweupe mwenye sikio lililochanika,
akishabandikwa mizigo pale gatini haulizi njia.
Saruji ni ya ujenzi wa kina Kupi,
sukari ni ya duka la pembeni;
anageuka mwenyewe penye kichochoro kisicho na jina
asikwaruze hata ukuta.

Kompyuta yangu nambari tatu haijafika akili ya punda.

Juma lililopita kivinjari chake kilijisasisha usiku
nami nimelala, na tangu asubuhi ile
kila ninachopakua hukipeleka kwa jirani asiyehusika.
Cheti cha kuzaliwa cha mwana wa Athman
kimefunguka kwenye kicheza muziki,
kikakaa kimya: dakika sifuri, sekunde sifuri.
Bei za mbao zimeangukia programu ya kuchorea,
safu za tarakimu zikawa doa la kijivu.
Fomu ya basari kutoka Matondoni
iliingia kwenye jedwali la mahesabu,
na jina la binti, Mwanamkuu,
likasomeka: HITILAFU.

Ni kama kumtuma mtoto na kitambaa kwa fundi cherehani
akakipeleka kwa kinyozi.
Kinyozi naye, kwa adabu, hakukataa.
Akakinyoa.

Wateja hawamlaumu aliyetumwa.
Wananitazama mimi. "Si wewe mwenye mashine?"
Langoni nzima inajua mashine ni za mjomba,
langu mimi ni deni la umeme.

Alasiri akaja Bi Somoe, simu yake imezama ndooni.
Shali, mwanawe, kule Doha, amerekodi sauti,
ameituma kwa barua pepe. Nikaipakua.
Kivinjari kikaifungua kwenye daftari la maandishi.

Si sauti. Kurasa.
Miraba, alama za kuuliza, herufi za nchi isiyokuwepo,
na kwa nadra kitu kinachokaribia kuwa neno:
"ya", halafu "na", halafu kichaka tena.

Nikataka kufunga. Akanishika mkono.
Akavaa miwani, akasoma. Wallahi akasoma,
kidole kikifuata mstari, midomo ikitikisika
kama yuko juzuu ya thelathini.
"Yuwasemaje?" nikauliza kwa mzaha, nikajuta papo hapo.
"Ana haraka," akasema. "Hapa amevuta pumzi.
Hapa, tazama, amekohoa."

Nikamweleza: mama, hii imefunguliwa pasipo pake.
Nikabofya upande wa kulia, *Fungua kwa*,
programu zikajipanga kama wanaume barazani,
kila mmoja akidhani ndiye aliyeitwa.
Nikachagua. Kisanduku kikauliza:
mara moja tu, au daima?
Nikatia alama penye *daima*,
neno ambalo mashine hulitoa rahisi kuliko watu.

Shali akazungumza sekunde kumi na tisa.
Hela zitachelewa. Mkataba umepita kwa bwana mwingine.
Yeye mzima, alhamdulillahi, asiwe na wasiwasi.
Hakukohoa.

Bi Somoe akanyamaza, feni ikijikongoja juu yetu.
"Kule kwenye maandishi alikohoa," akasema.
"Huku amejikaza."

Akataka kurasa zile, si sauti.
Zilikuwa saba, ishirini ishirini kila moja.
Nikamlipisha ya kwanza; nyingine nikasema wino umefifia,
na kweli ulikuwa umefifia.
Akazikunja ndogo, akazifunga penye pindo la leso
pamoja na chenji yake.

Leo asubuhi Athman amerudi na cheti chake.
Nimepakua. Kicheza muziki kimefunguka tena;
*daima* ilikuwa imekwisha usiku.
Dakika sifuri. Sekunde sifuri.
Nilijua la kufanya, upande wa kulia, *Fungua kwa*.
Lakini kwanza nilivaa visikilizi.