Saa Mbili ya Nani?

Mafaili ishirini juu ya meza, Temeke, wodi ya wanaume.
Feni inayasoma haraka kuliko mimi,
inafunua, inafunika, haielewi kitu.
Tuko sawa.

Nimeyachota bila kuchagua,
kama mnunuzi anayepima gunia zima
kwa punje za kiganjani.
Nina karatasi ya mistari na kalamu ya kijani.
Nyekundu nimeiacha nyumbani makusudi:
mimi nilisahihishwa kwa nyekundu
nikajifunza kuficha tu.

Jina la mgonjwa: lipo kwenye kumi na saba.
Tarehe: kumi na tano.
Sahihi zipo tele, mjusi aliyekanyaga wino.
Jina chini ya sahihi: manne.

Saa ndiyo iliyonikalisha.
"Saa 2. Dawa imetolewa."
Saa mbili ya nani, Lwitiko?
Ya usiku, taarifa ya habari ikianza?
Ya asubuhi, toroli la chai likipita?
Au ya saa yako ya mkononi inayosoma Kizungu,
ambayo kwa mama yako kule Kyela ni saa nane,
na saa nane nazo ziko mbili, ya jua na ya popo?
Tarakimu moja, milango minne.
Sista Pelagia alisimama mbele ya milango hiyo
na sindano mkononi,
akakupigia simu. Ulikuwa umelala.
Una haki ya kulala.
Ndiyo maana tunaandika: ili tulale.

Faili la kumi na moja, kitanda cha kumi na nne.
Shomari Dihenga, fundi cherehani wa Tandika.
Jumatatu, mwandiko wa Sista, umenyooka kama pindo:
amefariki saa kumi na mbili na robo jioni, ndugu wamearifiwa.
Jumanne, mwandiko wako:
"Anaendelea vizuri. Endelea na matibabu."

Nilivua miwani.
Si uongo, najua. Ni uchovu
ulioinakili jana ukaibandika leo,
wagonjwa hamsini na sita, mkono mmoja.
Lakini mwanawe akija kuomba nakala
atasoma kwamba baba alipata nafuu
siku ile ile waliyomzika.

Sikukuita ofisini.
Nilikupa faili la Zuhura, lako nikampa yeye,
nikasema: huyu ni wako usiku wa leo,
mtibu kwa yaliyoandikwa tu. Msiulizane.
Mlicheka dakika kumi.
Kisha Zuhura akaacha kucheka,
akainua karatasi kwenye mwanga wa dirisha
kama muuza duka aliyeshuku noti:
"Hii ni sifuri, au ni nukta?"
Ukasema, "Nadhani..."
Hukumalizia.

Wiki ya sita nimechota tena ishirini.
Sitapamba, maana kupamba ndiko tunakokataa:
saa zenye "usiku" au "mchana" kando yake, kumi na tatu.
Majina chini ya sahihi, tisa tu. Mjusi bado anatembea.
Kuna aliyeandika "kama jana" siku tatu mfululizo,
nitamwona kesho.
Paa la chumba cha kumbukumbu limevuja,
mafaili mawili yamelowa. Hilo si lenu.

Halafu huu, ukurasa wa nyuma, kitanda cha tisa:

"Saa 9:40 usiku. Nimemkuta ameketi. Anaomba uji.
Homa imepanda, sijui kwa nini.
Nimechukua damu. Nitarudi saa 11 alfajiri.
Lwitiko Mbwilo, daktari wa mafunzo."

Kalamu ya kijani ilisita juu ya "sijui".
Miaka kumi na minane ya kukagua,
sijapata kuliona neno hilo
kwa herufi zinazosomeka.

Chini yake, wino uleule:

"Saa 11:05 alfajiri. Nimerudi."