Kwato Juu ya Barafu

Vua kila chenye chuma, nilimwambia,
na Bi Khandarmaa akaanza kujivua kama anayehama nyumba:
pete ya marehemu, vipuli, mkanda wa vifungo vya fedha,
kibanio cha nywele, kingine, kingine tena,
vinane kwa jumla, na kila kimoja akakiombea radhi.
Jino la dhahabu? Hilo libaki, mama.
Akacheka. "Basi mwizi ataanzia hapo."

Nje, Ulaanbaatar ilikuwa digrii thelathini chini ya sufuri,
moshi wa makaa umeulalia mtaa wa mahema.
Alisafiri usiku kucha kwa treni kutoka Choir,
hajala tangu jana, kama barua ilivyoagiza,
na mfukoni ana jibini kavu, ngumu kama kokoto,
ya kula "mkishamaliza kunichungulia."

Ngumu. Neno hilo ndilo lililotukutanisha.

Homa ya ini ilimwingia utotoni,
labda shuleni, kwa sindano moja iliyochoma darasa zima.
Yeye husema tu: "Tulipanga foleni, tukafunua bega, tukapewa peremende."
Tumbo hunguruma, moyo hudunda, pafu hukohoa;
ini hubeba tu.
Watu husema uchungu hukata maini.
La kwake halikukatwa. Lilishonwa,
uzi juu ya uzi, miaka arubaini,
bila kumuuma hata siku moja.

Nikamfunga kigoma mbavuni, upande wa kulia:
kisahani cha plastiki chenye mpira unaopenya ukuta
hadi kwenye pampu chumba cha pili.
Kitakupiga mara sitini kila sekunde, nikamwambia,
hakiumi, ni kama kuegemea behewa linalongoja kuondoka.
"Hiyo naijua," akasema.
Miaka ishirini na sita amepika supu ya kondoo stesheni.

Vuta pumzi. Toa. Toa yote. Sasa zuia.

Nyuma ya kioo nayatazama mawimbi yakimpita.
Wengi hudhani kigumu hulizuia wimbi. La.
Kwenye ini laini wimbi hujikongoja,
hatua fupifupi, farasi kwenye tope;
kwenye kovu hukimbia, hatua ndefu,
kwato juu ya mto ulioganda.
Likienda mbio, habari si njema.

Pumua, mama.
Tena.
Mara ya tatu akakohoa, picha ikavurugika.
Mara ya nne aliishika pumzi yake
kama mtu aliyebeba ndoo ya maziwa iliyojaa hadi ukingoni.

Miaka miwili nyuma nilisoma sita nukta moja,
ini lote jekundu kama jiko.
Kisha vidonge, wiki kumi na mbili, na virusi vikatoka.
Lakini mwizi akishafukuzwa
ukuta alioubomoa hausimami usiku uleule.
Leo, nne nukta tatu.
Manjano, kijani,
na pembeni doa la buluu ambalo halikuwepo.
Nikalipima tena. Nikalipima tena.

"Binti, umeona nini?"
Mtambo ni wangu, kinywa si changu;
daktari ndiye msemaji, na daktari ni Alhamisi.
Utaambiwa, nikasema, nikifungua mikanda.
Hakunitazama uso. Alinitazama mikono.
"Mara ile ulinifungua polepole,
kama mtu anayekunja nguo za maiti.
Leo unanifungua kama mwenye safari."

Sikujibu. Nikamhesabia vibanio vyake, vyote vinane.
Akaivunja jibini kwenye ukingo wa meza,
akanipa kipande kikubwa, na mimi, mpumbavu, nikakiuma.
Jino likalia.

"Usitafune," akasema, akijifunga mkanda.
"Kiweke shavuni ukafanye kazi zako.
Kitalainika."