Kitabu cha Matukio

Saa kumi na mbili jioni. Nimepokea zamu kwa Ndunda:
tochi moja, rungu moja, funguo kumi na nne,
redio iliyokwisha betri.
Geti limefungwa. Kileleshwa imetulia,
mvua bado inajishauri.

Saa moja kasoro robo. Mtoto wa B2, Kanaiza,
amekalia ndoo yangu niliyoifudikiza.
Mama yake hajafika. Ana daftari na uso wa kununa.
“Anko Mwakio, hesabu hii imenikataa.”

Nimeisoma kwa tochi:
mfukoni mna vifuniko vitano vya soda, viwili vyekundu.
Toa kimoja, kirudishe, tikisa, toa tena.
Upi uwezekano wa kupata chekundu mara zote mbili?

(Siandiki hapa kwamba shule niliiachia kidato cha pili.
Ukame ulikuwa tukio, na karo tukio,
ila hayakuwa huru hayo;
yalikuja yameshikana mikono.)

Nikavichimbua vifuniko vitano pale langoni,
magari yanapovikanyaga.
Akatoa chekundu, akataka kukiweka kando.
Kirudishe, nikamwambia.
Hesabu nzima imelala katika neno hilo.
Kikirudi, mfuko husahau;
mkono wa pili haujui kilichoushika mkono wa kwanza.

“Basi najumlisha,” akasema, akajumlisha:
mbili kwa tano, na mbili kwa tano, nne kwa tano.
Tukajaribu. Tukajaribu tena.
Vyekundu viwili havikuja hata mara moja.
“Vifuniko vyako vina kiburi,” akasema.

Nikamgeuza atazame jengo.
Orofa tano, A hadi E. Kila orofa milango mitano.
Mkono wa kwanza unachagua orofa:
tuseme A na B ndizo nyekundu.
Wa pili unachagua mlango:
wa kwanza na wa pili ndiyo myekundu.
Sasa hesabu madirisha.

Akahesabu kwa kidole, midomo ikicheza,
A1, A2, B1,
akanyamaza kidogo.
“Nne kati ya ishirini na tano.”
Kisha, polepole: “Na letu limo.”
Limo.
Lilikuwa giza bado.

Saa mbili na dakika kumi. Mama B2 ameingia kwa miguu,
viatu mkononi. Hakuuliza kitu.
Dirisha limewaka.

Saa nne. Mvua imekata shauri.
Mfukoni mwangu mna mkeka, mechi saba,
zote zishinde ndipo nilipwe.
Nimekosa Jumamosi tisa mfululizo,
na moyo umekuwa ukinong'ona: ya kumi ni haki yako,
kama vile mpira unanidaiwa.

Kila mechi nimeipa nusu, kwa ukarimu,
nikaanza kuukunja mkeka wenyewe.
Ya kwanza, nusu. Ya pili, robo.
Ya tatu, thumni. Kunjo la sita lilitaka meno.
La saba likakataa kabisa.

Moja kati ya mia na ishirini na nane:
majengo matano kama hili,
na milango mitatu juu yake,
nami usiku huu wa mvua
nina ufunguo mmoja, sijui wa wapi.
Na zile Jumamosi tisa?
Zilirudishwa mfukoni zamani, mfuko ukatikiswa.
Aliyekuwa akizikumbuka ni mimi peke yangu.

Saa tisa usiku. Mlango wa kibanda unapigapiga kwa upepo.
Nimeubana kwa karatasi iliyokunjwa.
Imetosha.

Saa kumi na moja alfajiri. Pembeni mwa ukurasa huu
pana visanduku ishirini na tano, vinne vimepakwa wino,
mwandiko si wangu.
Msimamizi akiuliza, ni ramani ya jengo.

Hakuna tukio.
Mwakio, zamu ya usiku.