Dakika Tisa

Oulu, hoteli ya kwanza: dakika tisa.
Supu sijaionja bado
akaja mhudumu, uso umemshuka:
"Bwana, mbwa wako."
Rovaniemi, dakika sita.

Tangu hapo nalia chakula garini,
mkate wa shayiri, samaki wa kopo,
Pulmu akilikodolea macho kila tonge
kama karani wa kodi.
Nimemwachia redio. Nimemwachia soksi chafu.
Nimejibanza nyuma ya mlango nikihesabu,
kumbe ananisikia nikipumua.
Wala habweki kwa hasira.
Anaita, anaita,
kama mtu aliyefungiwa ghalani kwa bahati mbaya.

Kemijärvi, nyumba ya wageni ya Aulikki.
Saa tano usiku na jua limeng'ang'ania dirisha.
Nikamwambia kweli yote: huyu ana kelele.
Akatikisa kichwa tu, akanionyesha ziwa,
akanionyesha kibanda cha sauna.

Nikaingia. Nikamwagia mawe maji,
nikatega sikio.
Dakika tisa. Kumi na tano.
Kimya.
Mvuke ukanikaba koo. Nikatoka mbio,
taulo mkononi, nyayo za matope,
ngazi nikizipanda mbili mbili.

Mlango u wazi. Aulikki kaketi sakafuni,
uzi wake wa sufu umelowa mate,
Pulmu usingizini, kidevu juu ya kandambili.

"Alibweka mara moja," akasema, "nikaja."
Akanitazama nilivyo, juu hadi chini.
"Na wewe je?
Umeweza dakika ngapi?"