Mtungi wa Wahaka

Mama yangu, Damari Lechipya, hakuwahi kupanda meli wala ndege.
Mbali kabisa alikofika ni Manyoni, kwa treni, matangani,
akarudi na kifuko cha udongo wa huko
kwa sababu, alisema, uling'ang'ania vizuri kwenye kiatu.

Sista Konsuelo alipokuja Bahi kuwapima watoto uzito
alikuja na mtungi mweusi, ameufunga ndani ya sweta.
"Umetoka wapi?"
"Wahaka."
Mama akaitikia kama aliyetajiwa jirani:
wapo Wagogo, wapo Warangi, Wasandawe,
basi na Wahaka wapo.
Mimi nilikuwa na atlasi ya shule. Nikanyamaza.

Akaupokea kwa mikono miwili.
Akaunusa. Akaugonga kwa kifundo cha kidole
ukalia kama kengele ya kijiji cha pili.
Akapapasa shingo, polepole,
akitafuta pale gumba la mfinyanzi huponyoka mwishoni,
akapapata.
"Ana mashoto, huyu."
Sista akakaa chini. Shangazi yake, akasema. Ndiyo. Mashoto.

"Unatunza maji?"
"Hapana, unavuja. Ni wa kuwekwa tu, utazamwe."
Mama alicheka hadi akashika mbavu.
Bahi hii, ambako mwezi wa kumi
tunakwangua mchanga wa korongo kwa kata ya kibuyu,
mtungi wa kutazamwa!
Lakini usiku ule hakulala.

Siri ya weusi aliipata kwa pua.
"Wameubana moto pumzi."
Tukachimba shimo nyuma ya zizi:
samadi kavu, pumba za uwele, magogo mawili ya mkambala,
kisha tope juu ya kila tundu lililofuka moshi.
Mara ya kwanza mitatu ilipasuka, mmoja ukatoka na rangi ya panya.
Mara ya pili upepo ulilifunua shimo usiku wa manane,
na mama akasimama na kanga moja, akiutukana upepo kwa Kigogo
matusi ambayo sikujua kwamba anayajua.
Mara ya tatu: mweusi.
Mweusi wa mbegu ya tikiti iliyotoka mdomoni.
Akautia maji, akaulaza macho hadi alfajiri.
Yalikaa.

Sista alipohamishwa, walibadilishana.
Wetu ulipanda gari umefungwa ndani ya sweta lile lile.
Wake ulibaki kwetu, juu ya sanduku la nguo,
ukitazamwa,
mpaka mbuzi wa akina Chisaka alipoingia kufuata pumba.

Mfinyanzi hulia gaeni, wanasema.
Mama hakulia, wala hakula.
Aliokota vigae vyote, hata vya chini ya kitanda,
akavitwanga kwenye kinu cha mtama, akachekecha,
akaukanda unga ule na udongo wa mbugani.
"Udongo mbichi motoni huogopa," akasema,
"uchanganye na uliokwisha kuungua."
Ikatoka mitungi kumi na miwili, myekundu, ya kawaida kabisa.

Sasa nauza mimi, kando ya barabara, Kigwe.
Kumi na miwili ile ilichanganyika na mingine
na mama hayupo wa kuipapasa.

Jana dereva wa lori la vitunguu:
"Elfu nane? Ndoo ya plastiki elfu tatu!"
Sikumwambia habari za shangazi wa mtu.
Niliugonga tu kwa kifundo.
Akasikiliza, kofia mkononi.
Akaniomba niugonge tena.

Akalipa saba.
"Usiufunge kamba shingoni," nikamwambia.
"Ushike tumboni. Hivi."