Nyumba Yenye Mimi

Saa nane usiku simu inalia.
Siulizi nani. Ni Pawluk wa ghorofa ya chini,
sauti yake imevaa makoti mawili:
boila imezimika tena, Bwana Shekue.
Nje ni hasi thelathini na moja.
Winnipeg imeganda hadi mbwa wake habweki.

Navaa suruali juu ya suruali.
Mke wangu, bila kufumbua jicho:
mwambie alipe ya Novemba kwanza.
Ya Novemba, ya Desemba, na nusu ya Oktoba,
maana nusu nyingine aliileta kwenye bahasha yenye duara la kikombe,
noti za ishirini na sarafu za kufulia nguo.

Kwetu Lushoto mwenye nyumba nilimjua:
Mzee Mbaruku, kanzu ya pasi, hodi moja tu,
na mama anapekua hadi chini ya godoro.
Nikaapa, siku moja nami nitabisha mlango hivyo.
Haya. Nimebisha.
Nimebisha nikiwa na spana mkononi,
na aliyefungua ameniuliza mbona nimechelewa.

Lugha yetu ilinionya, sikuisikia.
Kupanga ni kukodi. Kupanga ni kuweka sawasawa.
Kupanga, siku hizi, ni kumlaza mtu kwa maneno matamu.
Pawluk amenipanga kwa maana zote tatu,
hapana, mbili; kuweka sawasawa hajaweka kitu:
vyombo vya wiki, matairi ya theluji jikoni,
tundu ukutani lenye umbo la kiwiko
ambalo anasema alilikuta.
Ukuta ule niliupaka mimi. Mara mbili. Rangi ya maziwa.

Kisha makaratasi. Fomu ya kuomba fomu.
Nikapewa tarehe, tarehe ikaahirishwa,
na ofisa mmoja, mwenye adabu sana,
akanisomea haki zangu. Zilikuwa fupi.
Kodi ya jiji haikuahirishwa.
Benki haimjui Pawluk, inanijua mimi.
Bima wanataka picha ya paa. Paa linataka paa.
Naendesha basi tangu alfajiri
ili nyumba nisiyolala ilale vizuri,
maana sisi wenyewe tumepanga, vyumba viwili, ng'ambo ya mto.
Msikitini wananiita tajiri wa majumba.
Naitika. Mfukoni nina risiti ya pampu.
Mwenye nyumba! Sarufi imepinduka:
nyumba ndiyo yenye mimi.

Marivic wa juu hulipa tarehe mosi, kabla sijaamka.
Bomba lake likivuja anatega sufuria na kunyamaza,
anachelea nisije nikapandisha kodi.
Nimejua leo tu, kwa doa kwenye dari ya Pawluk.
Sijui nani kaniuma zaidi,
yule asiyeniogopa au huyu.

Nimepiga magoti mbele ya boila.
Pawluk ananishikia tochi, mwanga unatetemeka,
na si kwa baridi peke yake. Kiwandani walipunguza watu,
anasema, mwezi wa tisa. Aliona haya kusema.
Nataka kumhurumia. Nataka pia dola zangu elfu mbili na mia nne.
Vyote viwili vinagombea kifua kimoja
na mlango ni mwembamba.

Tiki, tiki, tiki. Kimya.
Tiki. Kisha moto wa buluu unasimama
kama mpangaji siku ya kwanza, nadhifu, mwingi wa ahadi.
Mabomba yanaguna, joto linapanda kwa Marivic.

Amenipa kahawa. Nimeinywa nimesimama, sikuuliza ya Novemba.
Saa kumi na moja zamu yangu inaanza.
Nikiwa kizingitini, spana kwapani,
ananiambia, kwa upole wa mwenyeji:
funga mlango vizuri, tafadhali,
baridi inaingia.